Kisu cha Shemeji, Mchoma Nyama

Dada yangu alipotuambia kwamba mchumba wake anafungua jiko lake la kuchoma nyama kule Kanombe, kila mtu nyumbani alianza kufikiria zawadi. Mama alifikiria sufuria. Mimi nilifikiria kisu, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee ninachojua kutengeneza.

Mchana napakua mizigo kwenye maghala ya Gikondo. Jioni, kabla giza halijaingia, nakaa nyuma ya nyumba na tupa yangu. Si biashara, napenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Gikondo imejaa gereji, gereji zimejaa springi za gari zilizokatika, na chuma cha springi kinatoa kisu kizuri. Mafundi wananipa vipande bila mimi kuomba. Nasimama pale nikiangalia mpaka wanachoka kuniona, wananitupia kimoja ili niondoke.

Nina aibu, ndiyo sababu. Tangu utotoni, dada ndiye aliyekuwa akinisemea. Mgeni akiniuliza habari, dada ndiye aliyejibu kwamba sijambo. Sasa anaolewa, anahamia Kanombe, na mimi na huyo mwanamume tulikuwa hatujapita salamu. Nilitaka kisu kiniombee nafasi nyumbani kwao, nisije nikawa mgeni wa kukaa ukingoni mwa kiti, anayekunywa soda haraka na kuaga. Hilo sikumwambia mtu. Nilimwambia dada habari ya kisu tu.

"Sasa wewe," akasema, "mtu anakuja kuchukua dada yako, unamkaribisha na kisu. Si atafikiri unamtishia?"

Hata hivyo alinikopesha mashine yake ya kukaushia nywele. Nyumbani ndiyo inayopuliza mkaa wangu mpaka chuma kinakuwa chekundu. Kisha nakizamisha kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mandazi, kinafoka, na mtaa mzima unageuza pua. Majirani walishazoea. Wananiletea mapanga yao niyanoe kabla ya Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na wanasema panga lililopita mikononi mwangu linajulikana kwa harufu.

Kisu kinachotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja lazima kilingane na mkono wake. Mtu mwingine angemwambia shemeji anyooshe mkono, aupime, basi. Mimi nilingoja aje kula kwetu, nikamwangalia mezani. Alishika kijiko kwa mkono wa kulia, taratibu sana, kama kijiko kina uzito. Maharagwe yalimwanguka. Mara moja alimwaga mchuzi kwenye kitambaa cha mama akaomba radhi kwa muda mrefu. Mama alimpenda papo hapo. Alisema huyu kijana ana adabu, hana pupa ya chakula. Mimi niliangalia vidole tu: virefu, kiganja kipana, kidole gumba kimepinda kidogo. Niliviweka kichwani nikarudi kwenye tupa.

Mpini niliuchonga kwa mti wa mparachichi uliokatwa Masaka, mahali walipokuwa wanajenga nyumba. Niliutengenezea kishimo cha kulaza kidole gumba. Makali niliyanoa upande mmoja tu, upande wa pili nikauacha bapa. Nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba wakata nyama hodari wanatumia kisu cha namna hiyo.

Halafu ala. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda zaidi. Ngozi ya ng'ombe niliipata kwa fundi viatu, nikailoweka, nikaikunja juu ya kisu ili ikauke ikiwa na umbo lake. Kisu kinatakiwa kufunikwa kisipate maji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwetu, kwa hiyo nilikizungushia karatasi ya mkate niliyoisugua na mshumaa. Ngozi ilipokauka nilichora upande wa mbele mistari ya pembepembe kama ile ya imigongo, picha tunazotundika ukutani. Nyuma nikashona kitanzi cha kupitisha mkanda. Jioni nyingi ziliishia kwenye ile mistari. Dada alikuwa akipita anasema, "Bado? Mtu atafungua jiko, atalifunga, wewe bado unachora."

Siku ya kufungua tulikwenda Kanombe baada ya umuganda, viatu bado vina udongo. Shemeji alikuwa amevaa aproni mpya, watu wameshakaa kwenye mabenchi. Nilimpa kisu kikiwa kimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua. Alifunga ala kiunoni upande wa kulia, mistari inaonekana vizuri, na watu wakasogea kuitazama. Nilifurahi mpaka masikio yakawa ya moto.

Ndipo alipotaka kuchomoa kisu. Aliupitisha mkono wa kushoto mbele ya tumbo, ukaenda mpaka upande wa pili, akajipinda, akavuta. Mtu mmoja kwenye benchi akasema mchoma nyama anajikumbatia mwenyewe. Nikafikiri labda mkono wa kulia unamwuma. Lakini alianza kukata nyama ya mbuzi kwa huo huo wa kushoto, haraka, kama mtu aliyezaliwa akikata. Shida ni kwamba kisu kilikuwa kinakwenda upande. Kisu kilichonolewa upande mmoja kinavuta. Mwenye mkono wa kulia hasikii, wa kushoto kinampeleka asikotaka. Kila kipande kilitoka chembamba huku na kinene kule. Kwenye moto, huku kukaungua, kule kukabaki kubichi. Mteja wa kwanza alirudisha brosheti, mshikaki wake, akiuliza kama ni ya watu wawili wenye ladha tofauti.

Shemeji alikuwa na kisu chake cha zamani pale pale mezani. Hakukishika. Aliendelea na changu, jasho linamtoka, nyama imepinda, wateja wanacheka. Nikaelewa kwamba hatakiacha mbele yangu, na kwamba ataharibu siku yake yote kwa sababu ya heshima. Nilimtazama dada anisemee. Dada alikuwa mbali, anagawa soda.

Nikasogea jikoni nikasema, "Shemeji, lete. Nitakinoa upande wa pili."

Akanitazama kama benchi limesema. Halafu akacheka. "Sasa wewe uko na sauti?"

Nilichuchumaa nyuma ya magunia ya mkaa na jiwe la kunolea la jirani yake, muuza nyama. Shemeji aliendelea na kisu cha zamani, akawa anaongea nami juu ya bega. Nilimwuliza mbona kwetu alikula kwa mkono wa kulia.

"Kwa wakwe mkono ya kushoto inakaa chini ya meza," akasema. "Mama alinifunza hivyo. Hiyo maharagwe yote nilimwaga kwenu, ulifikiri ni adabu?"

Nilicheka mpaka jiwe likaniteleza. Kumbe mezani kwetu tulikuwa wawili wenye hofu, mimi nauangalia mkono wake wa kulia, yeye anauficha wa kushoto.

Nilipomrudishia, kisu kilikwenda sawa, isipokuwa kishimo cha kidole gumba kilibaki upande usio wake. Ala aliihamishia kushoto. Ili makali yaangalie nyuma, ilibidi kuigeuza, na mistari yangu yote ikalala ndani, ubavuni kwake. Nje ikabaki ngozi tupu na mshono wa nyuma. Nilimwambia anipe niirudie. Aliishika kwa kiganja.

"Wacha. Watu wamekuja kuona nyama. Hiyo maua ni yangu." Kisha akageuza mishikaki. "Lakini kisu ingine utatengeneza. Ukuje Jumamosi, unipime mkono."

Nilikwenda. Aliweka mkono wa kushoto juu ya karatasi ya kaki, nikauzungushia kalamu, na dada alitucheka wote wawili. Nimerudi mara nyingi tangu hapo, hata bila kupima kitu. Nyumbani kwao tunakula pamoja mezani, na shemeji anakula kwa mkono wa kushoto mbele yangu, haraka, na hamwagi hata haragwe moja.