Kofia ya Pili ya Tufool

Bi Fawziya alizaliwa Unguja, akaja ng'ambo huku, mji wa Ibra, angali msichana, na kushona kofia za vitobo ndiyo kazi iliyompa jina. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakaa sebuleni kwake, wanafunzi watano, naye anatugombeza kama watoto wa chuo cha Kurani. Sharti lake la kwanza: kitambaa kirowekwe, kikauke, ndipo kipimwe. La sivyo kitaruka, kipungue kikifuliwa.

Kitambaa cha Tufool, mwenzetu mmoja, Bi Fawziya hakukiroweka. Siku ile goti lilimuuma, binti yake anapiga honi nje ampeleke kliniki, akakipima na kukikata vivyo hivyo. Mimi nilimwona. Nikanyamaza, maana nani atamsahihisha Bi Fawziya?

Tufool alishona miezi minne, kofia ya mchumba wake, Maen. Ilipofuliwa ikaruka, ikamkaa Maen utosini. Bi Fawziya aliigeuzageuza, kisha akasema mbele yetu sote:

"Mkono wako mzito, mwanangu. Wauvuta uzi."

Tufool akainama. Nami, kwa aibu yangu, nikaendelea kutunga uzi.

Wiki tatu Bi Fawziya hakutugombeza. Akaanza kusahau chai jikoni. Jumamosi ya nne, Tufool alipoingia na kumwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Kaa hapa. Wanasema mficha uchi hazai. Mkono wako hauna kosa, Tufool. Kitambaa sikukiroweka mimi. Nlijua tangu siku ile nlipoishika ile kofia, nkaona haya, nkakutwika wewe. Niwie radhi."

Nilitaka kusema nami nilijua. Nikainamia sindano yangu.

"Ya kitambaa nakusamehe, bibi," alisema Tufool. Akafungua mkoba, akatoa kofia ya pili, ile aliyokuwa akimshonea baba yake. Kitambaa chake Bi Fawziya alikiroweka mwenyewe, siku mbili. Sasa kilikuwa kitupu, hakina hata uzi mmoja.

"Nimefumua yote, Jumatano. Nimesema mkono wangu utaharibu na hii. Khalas, bibi, mimi sishoni tena."

Bi Fawziya alikitandaza kitambaa gotini, akapitisha kidole juu ya vitobo vilivyobaki. Nilisogea nikatazama. Vilikuwa sawasawa, vyote, mstari kwa mstari, hakuna hata kimoja kilichovutwa.