Mwaka Niliotia Maji ya Kisima Kwenye Rejeta

Wiki iliyopita nilifungua koki ya rejeta ya pikapu ya baba, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama udongo wa Lugoba. Gari lilikuwa limesimama uani tangu baba alipoanza kuumwa, na sasa arobaini yake imeshapita. Mama yumo ndani, anakaa eda. Mdogo wangu wa kiume anataka gari liuzwe kwa wanaonunua vyuma chakavu. Mimi nilimwambia haliuzwi kabla sijaliosha, na moyoni nilikuwa najua nikimaliza kuliosha nitamwambia tena haliuzwi. Basi nikachuchumaa na beseni langu, harufu ya kutu na mpira mkongwe ikanipiga puani, na papo hapo nikawa mtoto wa miaka kumi.

Wewe uliyewahi kuishi Bagamoyo unayajua maji yetu. Kisima cha nyumbani kilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Maji yake yalikuwa meupe na baridi, ukiyatazama huwezi kuyadhania ubaya, lakini ukiyatia mdomoni yana chumvi. Yalikuwa ya kufulia na kuogea, na hata huko sabuni ilikuwa inatoa povu kwa kubembelezwa. Ya kunywa na ya chai yalikuwa ya mvua. Tuliyakinga chini ya bati katika pipa kubwa lililofunikwa kwa ungo na jiwe juu yake. Mvua ya kwanza hatukuikinga, hiyo ilikuwa ya kuosha vumbi na mavi ya kunguru. Ya pili ndiyo yetu.

Baba alikuwa akibeba mananasi na nazi kwa pikapu ile, na alikuwa na msemo wake: usichokunywa wewe, usilinyweshe gari. Kila mwaka masika yakishakolea, aliimwaga rejeta yote na kuisafisha, hapo hapo uani, bila fundi. Aliacha injini ipoe mpaka aweze kuiwekea kiganja. Alifungua kifuniko cha juu, kisha koki ya chini, akachomoa na mpira wa chini, akamimina maji mpaka yanayotoka yafanane na yanayoingia. Maji machafu hakuyaacha uani kuku wakayanywa, aliyabeba na kuyamwaga mbali. Mwisho alijaza maji ya mvua, taratibu, huku akiukamua mpira wa juu kwa mkono ili hewa itoke. Na kabla ya kujaza alichovya kidole kwenye ndoo, akakigusisha ulimini, akatazama juu kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Maji yakiwa na chumvi, hata kidogo, aliyarudisha.

Mwaka ninaousema, masika yalichelewa na Ramadhani ikaingia pipa likiwa halijafika nusu. Huku bibi, mama yake baba, alikuwa Lugoba macho yakimwisha. Daktari wa macho alikuwa anakuja hospitali ya Bagamoyo siku moja tu, Jumamosi, na baba alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atamfuata Ijumaa alfajiri. Gari lilikuwa limeanza kuchemsha. Barabara ya Msata, ndiyo ya kwenda Lugoba, wakati huo ilikuwa vumbi tupu na msitu pande zote mbili, ukichemsha huko unakaa mpaka Mungu alete mtu. Kwa hiyo Alhamisi alasiri baba akaamua kuisafisha rejeta.

Alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, aliponiambia, "Mwanangu, niletee ndoo mbili za maji ya mvua."

Nikaenda penye pipa. Mama alikuwa jikoni anatwanga tangawizi. Hakugeuka. "Hayo usiyaguse. Hayo ni ya futari, na mvua hatuijui itakuja lini."

"Baba ndiye kaniagiza."

"Na mimi ndiye nakukataza."

Kama ningerudi kwa baba nikamwambia mama amekataa, wangezungumza wao wawili na mambo yangekwisha. Sikurudi. Nilikuwa nimechoka kwa saumu, nilikuwa naogopa ugomvi, na kisima kilikuwa pale pale. Nikateka ndoo mbili, nikampelekea.

Baba alitoka chini ya gari, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akachovya kidole, akakileta mdomoni, kisha akakumbuka kuwa amefunga. Akakishusha.

"Ya mvua haya?"

"Ya mvua, baba."

Akamimina. Ndivyo ilivyokuwa, na sina namna ya kulipamba.

Jioni ile tulikaa kwenye mkeka uani kufuturu, mihogo ya nazi, kaimati, na chai ya tangawizi. Chai ilikuwa tamu kuliko siku zote, na mimi haikunishuka. Jirani yetu, mzee aliyeishi peke yake na kufuturu kwetu kila siku, aliniuliza kama naumwa jino. Nikasema ndiyo. Huo ukawa uongo wa pili.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa nawaona baba na bibi wamekaa kando ya barabara ya Msata, boneti imefunguliwa, moshi unapanda. Tulipoamka kula daku nilikuwa nimeshakata shauri. Nataka niseme kweli hapa: haukuwa ucha Mungu. Ulikuwa woga. Niliogopa bibi apofuke, na lawama iwe yangu peke yangu, na mimi peke yangu nijue. Baba alipotoka msikitini alfajiri nilimfuata mpaka mlangoni mwa gari, ufunguo uko mkononi mwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Yale maji ni ya kisima."

Nilisubiri kofi. Hakunipiga, na nadhani kofi lingekuwa jepesi zaidi. Alisema, "Jana nilikuuliza wewe kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umefungwa. Wewe ndiye ulikuwa ulimi wangu." Halafu akatia ufunguo mfukoni, akakunja mikono ya kanzu. "Haya. Tunaanza upya. Na leo unafanya wewe."

Mama alikuwa amesikia kutoka jikoni. Akatoka na kitambaa begani, akaondoa jiwe, akaondoa ungo, akasema, "Chukueni. Leo tutapika kwa ya kisima." Hakuniangalia.

Nilifanya mimi. Baba alisimama ananielekeza bila kugusa kitu. Nilifungua koki kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukutosha nguvu. Nilimimina ndoo ya kwanza na ya pili za mvua kusuuza chumvi, tukawasha injini mpaka mpira wa juu ukapata joto, tukazima, tukasubiri ipoe, nikaimwaga tena. Kusubiri ndiko kulikoniumiza. Jua lilikuwa linapanda na Lugoba haikuwa inasogea. Nikashika kifuniko nikitaka kukifungua kabla ya wakati, baba akasema, "Kosa la haraka ulishafanya jana. Kaa." Nikakaa. Jirani alichungulia juu ya ukuta wa makuti.

"Bwana wee, jana liliogeshwa, leo linaogeshwa! Hilo gari lenu mtalivika sanda lini?"

"Muulize fundi mwenyewe," baba akamjibu, akanionyesha kwa kidevu.

"Fundi, gari lako limefariki?"

"Bado," nikasema, na machozi yananitoka. Wote wawili wakacheka. Mimi nilikicheka kisa hicho kwa miaka mingi baadaye, ila mwaka huu, baada ya baba mwenyewe kuoshwa na kaka zake na mdogo wangu, nimeshindwa.

Ndoo ya tatu na ya nne zikajaza rejeta. Pipa likabaki na tope la chini. Baba akaswali Ijumaa, akaondoka. Saa zote nilizokaa kumsubiri nilikuwa nasikiliza kila injini inayopita. Jua lilipokuwa linatua likasikika gari letu, na feni yake inayopiga kelele kama cherehani, na bibi akashushwa, mwadhini akiwa anaanza.

Tukakaa mkekani, watu sita. Bibi akapewa kikombe cha kwanza kwa heshima yake. Akanywa, akageuza uso kumtafuta mama kwa masikio.

"Mke wa mwanangu, chai hii mmeipika kwa bahari?"

Jirani akapaliwa. Baba akanywa chake chote bila kukunja uso, akaomba kingine. Mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka mitano, alitema chake kwenye mchanga. Jumamosi bibi akaonwa macho, na jicho moja likapona. Mvua nayo, usidhani ilikuja kutuhurumia. Ilikawia siku nne zaidi, na siku zote nne tulifuturu kwa chai ya chumvi. Hakuna aliyenisema. Kila nilipoinua kikombe nilikuwa nasemwa vya kutosha.

Siku hizi bomba linafika mpaka jikoni. Pipa lilitoboka zamani, wala sikumbuki nani alilitupa. Mabati yetu yanamwaga maji matamu chini, yanakwenda zake barabarani, na hakuna mtoto anayetumwa kuyakinga. Madukani wanauza maji ya kijani ya rejeta, na ndiyo niliyotia mimi wiki iliyopita, baada ya kuisuuza kwa siku mbili mpaka maji yakatoka meupe. Sioni haya kulisema hilo. Baba mwenyewe uzeeni aliyatumia.

Gari likawaka. Mshale wa joto ulipanda nusu ukatulia. Mdogo wangu alikuja jioni na simu mkononi, mnunuzi wa vyuma yuko upande wa pili anasubiri. Nikamwambia kweli yote, pampu ya maji bado inadondosha kidogo. Kisha, sijui kwa nini, nikamsimulia na hii ya kisima, ambayo sikuwahi kumsimulia mtu.

Akanitolea macho. "Ile chai? Miaka yote hii mimi nimejua mama alikosea akatia chumvi badala ya sukari!"

"Si mama. Ni mimi."

Akacheka mpaka akaegemea boneti. Alipomaliza kucheka alikuwa anafuta macho, akaiweka simu sikioni akamwambia yule mtu tutazungumza mama akitoka eda. Hajaniahidi kitu, wala sikumdai ahadi. Tulikaa pale tumewasha injini tunaisikiliza. Tulioinywa chai ile tulikuwa sita. Tumebaki watatu, na gari.