Fundi Ndoo na Swali la Mjomba

Leonadi alikuwa fundi wa kuziba ndoo pale Kilangala, na angekuwa mume wangu kama angejua kunyamaza.

Kazi aliijulia kwenye kiwanda cha plastiki huko Dar es Salaam. Enzi za ruksa zilipoingia, biashara ikafunguliwa, ndoo za nje zikamiminika, kiwanda kikapunguza watu, naye akarudi kwetu na kisu kipana na maneno mengi. Alipasha kisu kwenye jiko la mkaa, akayeyusha kingo za ufa pamoja na kiraka, akakandamiza. Hapo usimsemeshe mpaka vipoe.

“Ndani ya plastiki mna nyuzi ndefu, hazionekani kwa macho,” alituambia kila siku, hata tusipomuuliza. “Zikipata moto zinalegea, zinatambaa, zinavuka kwenda kusokotana na za upande wa pili. Zikipoa, huzitoi. Ila za aina tofauti hazitaki kuchanganyika.”

Aliponichumbia, mjomba wangu Romani, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, alikuwa na wasiwasi mmoja. Alisikia fununu kwamba marehemu mama yake Leonadi, mtu wa kutoka Sudi, alikuwa wa ukoo wetu. Na kwetu ukoo hufuata mama, na wa ukoo mmoja hawaoani. Hakika hakuwa nayo. Mimi nilishamwambia Leonadi: ukiulizwa, sema hujui.

Mjomba akamfuata kibandani, mimi nyuma yake.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mwanangu, ukoo wa mama yako ni upi?”

Swali jepesi. Lakini fundi wetu, loo! Akachukua kisu. Akaunganisha vipande viwili vya ndoo moja, vilipopoa akampa mjomba avute. Mjomba akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi! Kisha akaunganisha kipande cha ndoo na cha kiti cha plastiki ya aina nyingine. Mjomba akagusa tu, kikabanduka.

“Umeona, mjomba? Za ukoo mmoja ndizo zinazoshikana. Mimi na Apolonia tutadumu.”

“Kumbe ni ukoo mmoja,” alisema mjomba. Akavaa kofia, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

“Leonadi, wewe ni mtu wa namna gani?” nilimfokea. Nilimpenda, sifichi, na machozi yalinitoka hapo hapo mbele ya wateja.

Alikigeuza kile kipande cha kwanza, akakivuta tena kwa nguvu.

“Lakini si kimeshika?”

“Kimeshika,” nikamjibu. “Na mimi wataniozesha kwa mwingine, huko Rondo.”

Wakaniozesha.