Kaseti Yenye Meno

Fundi redio alikuwa amechoka hata kubishana. Walikuwa wanahamia chumba kimoja, na mkewe alishatoa amri: mashine ya gemu ya zamani itakwenda nao, lakini kaseti zake za gemu ni tatu tu. Zilikuwa arobaini na moja.

Alikuwa amezitandaza sakafuni tangu asubuhi. Aliweka kando ile ya mbio za magari, kwa sababu haikuwahi kumchosha, na ya mafumbo, ambayo vidole vyake vizito bado viliimudu. Ya tatu akachagua ile adimu inayotafutwa na wajuzi, ingawa hakuwahi kuvuka hatua ya pili.

"Na ile yenye meno?" mkewe akauliza.

"Ya mpira? Si inakwama kila kipindi cha pili!"

"Inakwama nikishakufunga, mzee."

Akaiokota. Ukingoni kulikuwa na alama za meno ya kwanza ya binti yao, ambaye siku hizi yuko mbali na simu zake ni za kuhesabu. Akaipuliza vumbi, akapapasa vile vishimo viwili kwa kidole gumba. Kisha akaitupa ile adimu kwenye boksi la vitu vya kuuza.

"Haya, mama. Utanifunga mabao huko huko tunakohamia."