Mara Tatu, Kisha Kundi Liende

Nilikimbia kilomita ishirini na moja nikiwa na miaka arobaini na mbili kwa sababu nilitaka kumwambia mtu sentensi moja. Ningeweza kumwambia tukiwa tumekaa, kama watu. Nilijaribu kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa, kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilirudi Kawangware nayo mdomoni kama tonge la ugali baridi. Basi nikajiambia nitaisema mwisho wa mbio. Mtu akichoka kabisa hana nguvu ya kuficha kitu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na mwaka huo nilifikiri vibaya mambo mengi.

Mtu mwenyewe alikuwa seremala, kijana wa miaka thelathini hivi, mtu wa upande wa ziwa, anayekaa mtaa wa Raila kule Kibera. Alinitengenezea meza ya cherehani mwaka wa 2007 na kuileta mwenyewe mpaka mlangoni. Aliponisikia nikilalamika kwamba daktari ameniambia nina sukari na ni lazima nitembee, akasema, mathe, mama yangu, kutembea ni kwa wagonjwa, wewe kimbia. Nilimtukana kidogo. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Ngong Road alfajiri, nimevaa sketi juu ya suruali ya michezo.

Kundi lake lilikuwa la watu wanane pamoja naye: mimi fundi wa nguo, masoja wawili wa kulinda mageti, mama mboga mmoja, wasichana wawili wanaofanya kazi za nyumba, na mwalimu wa nasari aliyelalamika kuanzia hatua ya kwanza. Mazoezini na siku ya mashindano yeye hubeba bendera ndogo iliyoandikwa muda, kwetu saa mbili na nusu, na hukimbia mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe humwangalii mtu mwingine wala saa. Unafuata bendera tu, na ukiifuata bila ujanja, utafika kwa muda huo.

Alikuwa na mambo yake. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, alisema, umetupa sekunde kumi na tano, na hizo ni mita thelathini na tano ambazo hakuna atakayekukimbilia. Tulichoka kuisikia hiyo. Na kila baada ya kilomita moja alituhesabu. Hakuita majina, aliita nambari bila kugeuka, nawe unaitika "nipo". Mimi nilikuwa tano. Usipoitika, anakuita mara ya pili akipunguza mwendo kidogo, kisha mara ya tatu. Ukinyamaza ya tatu, kundi linaenda, utajipeleka mwenyewe. Mtu mmoja hawezi kuwachelewesha saba, alisema, na sote tukakubali. Kukubali sheria kabla hujachoka ni rahisi sana.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na sitaki kueleza yale yote. Kila aliyekuwa Nairobi ana yake. Kawangware vijana walikuwa wakizunguka ploti kwa ploti, mlango kwa mlango, wakiuliza nani yuko ndani na ametoka wapi. Jina lako la pili, lenye kuonyesha kabila, lingeweza kukuua. Sisi watu wa Machakos tulikuwa katikati, leo ni wenzao, kesho ni wasaliti, ilitegemea ni nani amebisha.

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga tulikuwa na mbinu moja. Mnajifungia ndani, jirani anatia kufuli kubwa kwa nje, kisha anasukuma ufunguo chini ya mlango. Wakija wanaona kufuli, wanajua hakuna mtu, wanapita. Alasiri moja ya Januari jirani yangu alinifungia hivyo kabla ya kukimbilia kwa dada yake Riruta. Nikabaki na watoto wangu wawili juu ya kitanda, nimewapa mkate mkavu ili midomo iwe na kazi. Ufunguo nilikuwa nimeukamata mkononi.

Saa kumi hivi, jua likiwa bado kali juu ya mabati, nikasikia mbio kwenye korido. Zikasimama mlangoni kwangu. Halafu sauti, chini kabisa, ya mtu anayehema: "Tano."

Nilimjua mara moja. Hakuita jina langu, kwa sababu jina lingesikika, wala lake hakulitaja. Nilichotakiwa kufanya ni kusukuma ufunguo chini ya mlango, basi. Mdogo wangu akaniangalia, nikamziba mdomo. Huko nje barabarani kelele zilikuwa zinakaribia.

"Tano," akasema tena. Na tena, "Tano."

Nilikuwa naogopa, na sitalipamba hilo. Niliwaza watoto, ndiyo, lakini niliwaza pia ngozi yangu mwenyewe. Nje nikasikia kitu kikiburuzwa kidogo kwenye simiti, kisha hatua zake zikaondoka haraka. Baadaye wale vijana wakaingia ploti. Walipiga milango ya mbele, wakatazama kufuli langu, wakapita.

Asubuhi nilimpa keteka, mwangalizi wa ploti, ufunguo kupitia dirishani akanifungulia. Patipati zetu, zile ndala tulizoacha nje, hazikuwa mlangoni. Nilizikuta nyuma ya pipa la maji, nikamlaumu mbwa wa keteka, na keteka akanijibu kwamba mbwa wake ana shida nyingi lakini si mwizi. Hata tukacheka. Mchana ndipo mama mboga aliponiambia kwamba seremala alikuwa amekwama na kazi ya milango huku Riruta, na kwamba vijana walimpata karibu na kibanda cha mkaa, hatua chache kabla ya kona. Pale konani kulikuwa na lori la polisi. Angefika tu, asingeguswa. Walimvunja bega la kulia, akaachwa akidhaniwa amekufa.

Wakubwa walipopeana mikono mwishoni mwa Februari, watu wakaambiwa warudi wawe majirani. Mwezi wa nne kundi likaanza tena. Tulikuwa saba, mwalimu wa nasari alikuwa amehamia kwao na hakurudi. Seremala alisimama palepale Ngong Road, bega limelala upande mmoja, bendera ameihamishia mkono wa kushoto. Hakuuliza mtu chochote. Akaanza kuhesabu, na alipofika kwangu akasema "tano" kwa sauti ya kawaida, nami nikaitika "nipo".

Nilidhani hajui. Niliamini aliona kufuli akadhani nimeenda Riruta na jirani. Ningeweza kuiacha hivyo mpaka kaburini, wengi tuliyaacha mambo mengi hivyo mwaka ule. Lakini kila Jumamosi ananiita mara moja, ninaitika mara moja, na nikirudi nyumbani siwezi kushona mstari ulionyooka. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alikuwa analala kwangu.

Mbio zenyewe zilikuwa mwezi wa kumi. Asubuhi ilikuwa na baridi, umati mkubwa, tisheti mpya zinazokwaruza. Kilomita kumi za kwanza sikumbuki kitu zaidi ya kisigino cha soja mbele yangu. Tulihesabiwa, tukaitika. Ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Kwenye kumi na tano miguu ikaanza kuwa ya mtu mwingine, mtu mzito asiyenipenda. Jua lilikuwa limeshatoka. Mama mboga alikuwa ananong'ona sala kwa Kikamba, akifika katikati anasahau, anaanza upya.

Kilomita ya kumi na saba nilikuwa nimeachwa kama mita arobaini. Niliona bendera ikienda. Nikasikia moja ameitika, mbili, tatu, nne.

"Tano," akaita.

Sikuwa na pumzi. Ukweli ni kwamba ningeweza kutoa sauti kidogo, hata ya kuku. Lakini kitu ndani yangu kilikuwa kimekaa chini. Nilisema moyoni, sawa, hii ndiyo haki yangu, wacha waende. Akapunguza mwendo, akaita ya pili. Nikaona soja mmoja anageuka kunitazama. Akaita ya tatu, na nikainamisha kichwa nisubiri kuachwa.

Akageuka. Miezi yote ile sikuwa nimemwona akigeuka kwenye mbio. Alikimbia kinyumenyume, bendera mkono wa kushoto, akaniangalia usoni.

"Tano," akaita mara ya nne.

Soja akamkumbusha kwamba sheria ni tatu. Nilitoa sauti, sijui kutoka wapi, mbaya, kama mlango wa mabati. "Nipo." Wakanisubiri kwa mwendo wa kobe mpaka nikawafikia, tukaenda wote. Tulimaliza saa mbili na dakika thelathini na mbili, na mwenye kusimamia washika bendera akaandika kitu kwenye karatasi yake bila kumwangalia. Mwaka uliofuata hawakumpa bendera.

Tulikaa kwenye nyasi. Wengine walienda kutafuta maji na ndizi. Yeye alibaki anafungua kamba za viatu kwa mkono mmoja, taratibu, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sentensi ikatoka yenyewe.

"Siku ile nilikuwa ndani," nikamwambia. "Ufunguo nilikuwa nao mkononi."

Aliendelea na kamba zake. "Najua, mathe. Mliacha patipati nje."

Nikaacha kukanda mguu wangu.

"Kufuli nje, na patipati nje, za watu watatu. Mtu gani anaenda safari bila viatu?" Akacheka kwa pua, bila ubaya. "Hao vijana walikuwa nyuma yangu. Nikaona nizisukume kwa pipa."

Nilitaka kusema pole. Lilikuwa neno dogo sana, nikaona aibu kulitoa. Akaniuliza kama mguu unauma, nikasema unauma, akaniambia nisikae muda mrefu utakaza. Kisha akainuka kwenda kutafuta ndizi.

Mimi nilibaki pale nikihesabu, kwa sababu ndiye aliyetufundisha kuhesabu. Kuinama, kukusanya jozi tatu, kuzisukuma mpaka nyuma ya pipa, kuinuka. Ni kama kufunga kamba ya kiatu, sekunde kumi na tano, mita thelathini na tano. Jioni ile, kabla sijaingia nyumbani, nilipitia kibanda cha mkaa, nikapima kwa miguu yangu iliyovimba mpaka kona lilipokuwa limesimama lori la polisi. Ni hatua ishirini na mbili.