Swali la Mama Ukumbini

Siku mdogo wangu alipotetea tasnifu yake ya uzamili, mama hakwenda kuuza maharage sokoni Tandale. Alivaa kitenge kipya, tukatoka Tabata asubuhi na mapema. Nilikuwa nimeshamwonya kwamba mambo yote yatakuwa kwa Kiingereza.

"Kwani mie naenda kusikiliza?" akanijibu. "Naenda kumwona mwanangu."

Tulikaa nyuma, nikawa namtafsiria kwa kunong'ona. Mdogo wangu alieleza kwamba seli ikitaka kutengeneza protini, huchukua nakala ya jeni, iitwayo RNA, ikakata vipande visivyotakiwa na kuviunga vinavyobaki. Katika baadhi ya saratani kazi hiyo huharibika: cha kutolewa kinabaki, cha kubaki kinatolewa, na seli zinazidi kuongezeka ovyo. Yeye alikuwa akijaribu, kule maabara, dawa za kuibana kazi hiyo.

Walimu walipomaliza kumhoji, mwenyekiti wa jopo akauliza kama kuna mwingine mwenye swali. Mama akanyoosha mkono. Nikamvuta kitenge. Wala hakunitazama.

"Habari zenu, walimu," alisema, amesimama wima. "Mie niliugua saratani ya titi, nikatibiwa, namshukuru Mungu nikapona. Ila zile dawa zilininyonyoa nywele, kucha zikawa nyeusi. Sasa mwanangu, hiyo kazi ya kukata na kuunga, hata seli nzima si zinaifanya? Dawa yako itajuaje ipi ya kuua?"

Mwenyekiti akavua miwani, akatabasamu. "Mjibu kwa Kiswahili," akamwambia mdogo wangu.

Mdogo wangu akamgeukia mama. "Zote zinaifanya, mama. Ila seli ya saratani ambayo kazi hiyo imeshaiharibikia inaishi kwa tabu. Ukiibana kidogo tu, inakufa. Nzima inavumilia."

"Na ukizidisha?"

"Hata nzima inaumia. Ndiyo maana hizi dawa bado ziko kwenye majaribio. Kipimo sahihi bado tunakitafuta."

"Haya. Kitafuteni," mama akasema, akakaa. Watu wakapiga makofi, na dada mmoja akapiga kigelegele.

Mimi machozi yalinilenga. Mwaka ule wa matibabu ni mie niliyekuwa nampeleka kliniki. Kila daktari alipomuuliza kama ana swali, mama alitikisa kichwa, akainamia mkoba wake. Nilidhani hana la kuuliza.

Mdogo wangu alifaulu. Mwenyekiti akaja kumpa mama mkono, akamwambia swali lake limeyapita ya walimu wote. Mama akamuuliza kama nyumbani kwao wanakula maharage, akamwelekeza meza yake ilipo sokoni.

Jioni majirani wa Tabata walijaa uani kwetu. Pilau ilipikwa, muziki wa singeli ukafunguliwa, na mama akavua viatu, akamvuta mdogo wangu katikati. Walicheza mpaka wote wawili wakaketi chini kwa kucheka.