Gunia Nililompelekea Mumbua Kitui

Nilitoka Malili kwa sababu dada yangu Mumbua aliniandikia kwamba macho yake yamekuwa ya manjano. Virusi vya ukimwi alikuwa navyo, hilo nilijua. Sasa hospitali ilikuwa imempata na virusi vingine, vya ini. Majirani walishamkatia tamaa. Mimi sijui kukata tamaa. Shule niliacha darasa la tatu, na leo nina duka, stoo na pikapu. Nikasema, huyu atakula mpaka apate nguvu.

Saa kumi na mbili asubuhi nikapakia gunia la mahindi. Yalikuwa yamenyeshewa, lakini nilikuwa nimeyaanika na kupepeta ukungu wote, yakang'aa. Kazi hiyo hakuna anayenishinda.

Machakos nikanywa chai. Wamunyu nikasimama kidogo ili wachonga vinyago waone pikapu. Nikavuka Mto Athi jua likiwa kali, na saa sita nikafika kwa Mumbua.

"Mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu, umenenepa!" akaniambia. Yeye alikuwa amebaki mifupa.

Nesi wa kanisani kwao alikuwa amekuja kumwangalia. Akachota mahindi kwa kiganja, akanusa.

"Mzee, haya yalinyeshewa."

"Si yamekauka? Mimi ndiye nalisha Malili nzima!"

"Ukungu unatoka, sumu inabaki, hata uchemshe namna gani. Na inaenda kwa ini. Ini la huyu linapigwa na virusi vya aina mbili, wewe unaleta adui wa tatu?"

"Kumbe nimemletea kifo kwa pikapu?"

"Na petroli ukanunua," Mumbua akasema, akacheka mpaka akashika ubavu.

Mimi sikucheka. Nikauliza ale nini. Nesi akasema mahindi safi, ndengu, maboga; pombe asiguse, wala dawa za mizizi ya kuchemsha. Nikaenda soko la Kitui nikachagua mahindi punje kwa punje, mpaka mama muuzaji akaniuliza kama natafuta bibi.

Saa kumi nikaanza kurudi na gunia langu baya. Stoo yalikuwa yananingoja magunia mengine tisa kama hilo.

Asubuhi yake nikachimba shimo nyuma ya duka, nikayamwaga yote.

"Si uwape kuku?" mteja mmoja akapiga kelele.

"Kuku hana ini?"

Nilijifunza kwamba jicho langu, pamoja na ujanja wake wote, halioni sumu. Mahindi yakinyeshewa siku hizi siyaaniki, nayafukia. Mumbua nampelekea mahindi safi kila mwezi, na bado anakula. Na shimo lile, Malili nzima hakuna aliyewahi kuchimba refu kama langu.